Fundi wa Mabeki Wanne

Katika miaka mitatu niliyocheza chini ya mkono wake, sikuwahi kumsikia akiuliza matokeo ya mechi. Filimbi ya mwisho ikilia, wengine wanakumbatiana au wanatafuta wa kumlaumu, yeye anaingia uwanjani na fito yake, anainama mbele ya goli letu na kuanza kusoma nyayo. Kisha anaita.

"Namba Tatu, njoo uone. Hapa kisigino chako kimegusa chini. Ulichoka saa ngapi?"

Namba Tatu anasema hakuchoka.

"Basi kimechoka kisigino. Wewe ulikuwa wapi?"

Kama tumefunga au tumefungwa, hilo alikuwa akilipata jioni kwa mpishi wa chuo, pamoja na habari za maharage.

Tulimwita Fundi. Chuo chetu cha ualimu kilikuwa upande wa kusini wa Mwanza, ukishapita Nyegezi, kwenye mteremko unaoishia ziwani. Timu ilikuwa na kocha mkuu, mkufunzi wa michezo mwenye cheti na filimbi ya chuma, naye alifundisha kila mtu. Fundi hakuwa na cheti wala filimbi. Kwenye karatasi za ofisi alikuwa mtunza stoo: majembe, mafyekeo, vitanda vilivyovunjika miguu. Alikuja pale baada ya kupunguzwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, wakati vyama vya ushirika vilipoanza kupumua kwa shida na wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na mizani yao. Mkuu wa Chuo alimpa ile kazi, na chumba kimoja nyuma ya stoo. Mabeki hakupewa na mtu. Alituchukua mwenyewe, siku aliyotuona tukifungwa magoli manne na timu ya kijiji jirani. Nasema manne. Kocha mkuu aliandika matatu, lakini mimi nilikuwepo na nilihesabu mara mbili.

Alimwendea kocha mkuu pembeni ya uwanja akamwambia, "Mwalimu, niazime hawa wanne wa nyuma. Wa mbele baki nao, sina haja nao."

Hao wa mbele hakujua jina la hata mmoja. Hata sisi alituita kwa namba za jezi. Mbili alikuwa mtoto wa wavuvi wa visiwani, mfupi, mbishi. Tatu alikuwa mpole, akisali kabla ya kila kona. Tano alitoka kwenye familia ya Kiislamu ya mjini, mafundi cherehani kwa vizazi, na alikuwa mrefu kiasi kwamba suruali zote za chuo zilimwishia kwenye vigimbi vya miguu. Mimi nilikuwa Nne, na kapteni, kwa sababu nilikuwa na mdomo.

*

Mwezi wa kwanza hatukugusa mpira. Alikusanya njumu zetu akazifungia stoo, akisema viatu vinaficha uongo wa miguu. Akatupeleka chini ziwani, kwenye kipande cha mchanga ambako magugu maji yalikuwa yakisukumwa na upepo na kuozea hapo. Harufu yake mtu haizoei. Anaacha tu kuitaja. Akatusimamisha kwenye mstari. Magoti yakunjwe, mgongo unyooke, uzito uje mbele ya unyayo, kisigino kiinuke kidogo. Kidogo kiasi gani? Kiasi cha kupitisha karatasi. Na kweli alikuwa na karatasi, fomu ya zamani ya stoo, anapita nyuma yetu akiinama na kuitelezesha chini ya kisigino cha kila mmoja. Ikikwama, wote tunaanza upya. Siku ya kwanza tulisimama hivyo mara arobaini na hakuna aliyekwenda popote.

Wanachuo waliokuwa wakishuka kuoga walisimama kututazama.

"Jamani, mabeki wanataga," akasema mmoja.

"Subirini mayai," Fundi akajibu, bila kugeuka.

Jina likatukaa. Chuo kizima tukawa wale wanaotaga.

Baada ya kusimama zilikuja hatua. Za pembeni, fupi, mguu usipishane na mwenzake, maana ukipishanisha miguu umejifunga kamba mwenyewe. Za kurudi nyuma, uso ukiwa mbele. Halafu kamba yenyewe. Aliileta kutoka kiwandani, kamba nene ya kufungia marobota ya pamba, akatufunga viunoni wote wanne, na kati ya mtu na mtu aliacha hatua saba. Mmoja akienda mbele inakaza, mmoja akizubaa inagusa mchanga. Yeye alikuwa haangalii nyuso zetu wala mpira wa kufikirika aliotuambia uko kule. Aliangalia kamba tu. Tulicheza nayo majuma sita. Alipotufungua, wiki nzima nilikuwa nikigeuka nahisi inanivuta.

Sababu ya mambo yote hayo aliieleza mara moja tu, tena kwa sababu Mbili alimchosha kwa maswali. Alisema kiwandani mashine zote za mstari mmoja zilikuwa zikivutwa na mkanda mmoja. Mkanda ukilegea mahali pamoja, huwezi kujua kwa kutazama. Unajua pamba inapotoka na mbegu ndani. "Na ikishatoka na mbegu," akasema, "hakuna wa kumwambia samahani."

*

Msimu wa kulima ulipofika aliomba ruhusa kwa Mkuu akatuchukua wanne kwenda Magu. Tulidhani ni mechi. Tano alibeba hadi soksi. Tulipofika tukapewa majembe. Lilikuwa shamba la dada yake, na kikundi cha kulimiana cha pale kijijini kilikuwa kimeshajipanga, watu kama ishirini kwenye mstari mmoja, ngoma pembeni. Ngoma ikianza majembe yote yanapanda, yanazungushwa hewani kwa mbwembwe, yanashuka ardhini kwa pamoja. Ukiwa mgeni unaona ni mchezo. Ukishika jembe unagundua mchezo wenyewe ndio kazi.

Mimi ni mtu wa mjini na wa soko. Akili yangu iliniambia kila mtu na tuta lake, na anayemaliza kwanza amepata. Nikavuta. Nilikuwa hatua kumi mbele ya mstari ngoma iliponyamaza. Nikageuka. Watu ishirini wameegemea majembe wananitazama.

Mama mmoja mtu mzima akauliza, "Kijana wa mjini, huko mbele unakwenda kumwoa nani?"

Walicheka mpaka mpiga ngoma akakaa chini. Fundi hakucheka. Alikuja mpaka nilipo, akanionyesha kwa fito ile nafasi niliyoacha kati ya mtu wa kushoto kwangu na wa kulia.

"Umefungua mlango," akasema. "Rudi uufunge."

Pale kwao anayetangulia hapongezwi. Anarudi kumsaidia aliyechelewa, wafike pamoja. Tulilima siku mbili. Siku ya pili nilikuwa nikisikia jembe la Tano upande mmoja na la Mbili upande wa pili bila kuwatazama, na jioni Fundi alinipa sifa yake kubwa kuliko zote, ambayo ilikuwa maneno mawili: "Leo sikukuona."

Hiyo ndiyo ilikuwa tuzo. Hakujua kusema umecheza vizuri. Alisema beki akionekana kuna kitu kimeshaharibika. Watu wengine walipewa makofi na jukwaa zima, sisi tulikuwa tukipigania kutoonekana na mzee mmoja mwenye fito. "Leo sikukuona" niliipata mara tatu katika miaka mitatu. Nimerudia kuhesabu; hazizidi.

*

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alivaa saa iliyosimama, mishale ikiwa kwenye saa nne na dakika kumi mwaka hadi mwaka, na ukichelewa mazoezini dakika tatu alijua ni tatu. Jumapili alikwenda misa ya kwanza, shati limepigwa pasi ya mkaa. Siku ya mechi, kabla hatujatoka kujinyoosha, alipita kwenye milingoti ya goli letu akamwaga maji kidogo kwenye shina la kila mmoja. Nilimuuliza ni ya nini.

"Napunguza vumbi," akasema.

Ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Aliwasema wa mbele mchana na jioni, kwamba ni watu wa kuvizia, kwamba wanakula walichopikiwa. Lakini njumu zao zikichanika, ukienda stoo asubuhi unazikuta zimepangwa mlangoni, zimeshonwa kwa uzi wa marobota, mshono mnene ambao kiatu kinaisha wenyewe unabaki. Hakutaka kushukuriwa. Aliwaambia zilishonwa na chuo.

Na kulikuwa na picha. Aliibandika ndani ya mlango wa kabati, mahali ambapo hata akifungua hupati kuiona vizuri. Siku moja alinituma nyundo, nikaiona. Timu ya kiwanda cha pamba, kumi na mmoja, na katikati kijana mwembamba amekaa na mpira magotini, jezi namba tisa. Namba ya mfungaji. Masikio yalikuwa yake.

"Fundi, huyu ni wewe?"

Alifunga kabati taratibu. "Nilikuwa kijana," akasema, kama mtu aliyeulizwa na polisi.

*

Sasa niseme ubovu wangu, maana bila huo habari yake haikamiliki.

Jumamosi na likizo nilikuwa nikiuza mitumba, mjini na kwenye minada ya njia ya Magu. Robota likikatwa, mwuzaji anainua nguo moja moja, na mkono unaotangulia kupanda ndio unaochukua. Nimekulia kwenye mikono hiyo. Nikiwa uwanjani, mshambuliaji akionekana ameotea, mkono wangu ulipanda kumwita refa kabla miguu haijafanya lolote. Mtego wa kuotea ni kazi ya hatua moja: mabeki wote wanne wanapiga hatua mbele kwa pamoja, na adui anabaki nyuma yao peke yake. Anayeinua mkono kwanza anasimama. Akisimama, amebaki naye, na kuotea kumefutika.

"Unamwomba nani?" Fundi aliniuliza mara ya kwanza. "Refa si mnunuzi. Wewe piga hatua. Kuotea kutajitangaza kwenyewe."

Alijaribu dawa zote. Alinipa mawe mawili niyashike mazoezi mazima. Alinifunga mkono wa kulia kiunoni, nikainua wa kushoto. Kidogo kidogo ukapungua. Kutoka mara tano kwa mechi ukafika mara moja, kisha mara moja kwa mechi kadhaa. Mwaka wa tatu nilijiona nimepona, na yeye aliacha kuutaja. Nilidhani tunakubaliana.

*

Mfadhili alikuja mwaka huohuo. Alikuwa na kiwanda cha minofu ya samaki, gari jeupe, na sauti ya mtu anayesikilizwa. Zama zile kila chuo kilikuwa kikitafuta mtu kama huyo, kwa sababu serikali ilikuwa imetuambia kwa adabu tujitegemee. Alileta jezi zinazong'aa na mipira kumi na miwili mipya. Alikuja kututazama mara tatu. Mara zote tulishinda goli moja bila, na mara ya tatu niliona amelala.

Mkuu aliniita ofisini. Mfadhili alikuwa amekaa, funguo za gari mezani.

"Kapteni," Mkuu akasema, "bwana hapa anaona mzee apumzike. Ataleta kocha kijana kutoka Dar. Na kile chumba cha nyuma ya stoo tutahitaji kuwekea vifaa."

"Apumzikie wapi, Mkuu?"

Mkuu alitazama dirishani. Alikuwa mtu mwema na paa la bwalo lilikuwa limebomoka.

"Kijana," Mfadhili akasema, "mimi na mzee hatuna ugomvi. Lakini watu wanakuja uwanjani kuona magoli. Nyinyi mnarudi nyuma kama mmemwona mgambo."

"Bosi, tangu atushike tunafungwa machache sana."

"Machache ni mangapi?"

Aliuliza bei. Ningekuwa mtu mwingine ningelia, ningeomba, ningeleta wenzangu tukasimama nje ya ofisi. Mimi nilisikia bei na damu ikachangamka.

"Mashindano ya vyuo vya kanda yanakuja," nikasema. "Tukifika fainali ni mechi tano. Mwache mzee kwenye hayo. Tukifungwa zaidi ya magoli manne, aondoke. Yasipozidi, abaki na chumba chake."

"Manne? Kwa hawa waliofundishwa kutaga?" Alikuwa ameshasikia. "Moja."

"Moja ni mvua, Bosi. Moja ni refa. Usiniuzie mvua."

"Mawili."

"Matatu, tumalize."

Akachukua funguo akasimama. Mteja akiondoka una muda wa hatua nne kuamua kama unamwita. Nilimwita kwenye ya tatu.

"Mawili," nikasema.

Tukashikana mikono. Mkuu hakuandika kitu, lakini alikuwepo. Nilishuka ngazi nimejaa kifua, nikijiambia nimemwokoa mzee kwa mdomo mtupu. Sikumwambia yeyote, na Fundi wa kwanza kutomwambia. Sokoni hakuna anayeliuliza shati kama limeridhika na bei.

*

Mechi ya kwanza, sifuri. Ya pili ilichezwa kwenye matope. Tano aliteleza kwenye kona na mtu akapiga kichwa peke yake. Moja. Ya tatu, sifuri. Nusu fainali kipa wetu alimvuta mtu jezi, penalti. Mawili. Tulishinda zote, chuo kilikuwa kinaimba, na mimi nilikuwa silali.

Fainali ilikuwa mjini, uwanja umejaa. Fundi alifanya kama siku zote. Hakukaa benchi. Alitembea nje ya chaki sambamba na mstari wetu, tukipanda anapanda, tukishuka anashuka, fito mgongoni, uso chini kwenye miguu yetu. Wa mbele walifunga goli kipindi cha kwanza na lingine kipindi cha pili. Mbili bila. Zilibaki kama dakika kumi, na nilikuwa nimeshaanza kupumua.

Kiungo wao akapiga pasi ndefu. Tano akasema "hatua", na wote watatu wakapiga hatua. Nilimwona mshambuliaji amekaa nyuma yetu, wazi kabisa, ameotea, mali ya bure. Mkono wangu ukapanda.

Mguu wangu wa kulia ulibaki. Mmoja tu, nusu hatua. Mshika kibendera aliutazama, akatazama mshambuliaji, akashusha kibendera chake. Yule kijana alikwenda na mpira peke yake hadi kwa kipa, na mimi nilikuwa bado nimeinua mkono.

Tulishinda mbili kwa moja. Kombe tulilibeba sisi. Watu walinirusha juu, na nikiwa huko juu nilimwona Fundi ameinama pale ambapo mguu wangu ulibaki.

Mfadhili alinipa mkono jukwaani. Alikuwa na furaha ya kweli.

"Hongera, kapteni. Matatu."

"Bosi, tumechukua kombe."

"Mimi sikununua kombe. Uliniuzia mawili."

"Goli lenyewe halikuwa na maana. Mechi ilishakwisha."

"Ningekuwa mimi nimekupa minofu pungufu ungesema haina maana?" Akanipiga bega. "Wewe ni mfanyabiashara. Tusibadilishe bei mzigo ukishafika."

Bei niliitaja mimi.

*

Walimpa mpaka mwisho wa mwezi. Asubuhi moja katika siku hizo aliniita uwanjani peke yangu. Alikuwa na ile karatasi ya stoo. Akanisimamisha mahali palepale pa mazoezi, akaipitisha chini ya kisigino changu, kisha yeye mwenyewe, na umri ule, akaenda kusimama nyuma yangu kama mshambuliaji.

"Pasi imepigwa," akasema.

Nikapiga hatua.

"Tena."

Tulirudia mara ishirini na moja. Hakusema neno juu ya fainali, wala chumba, wala kuondoka. Alikuwa anarekebisha kifaa kabla ya kukikabidhi. Mara ya mwisho alitikisa kichwa kuwa imetosha, akakunja karatasi akaiweka mfukoni.

Nilimbebea sanduku mpaka stendi ya Nyegezi. Njia nzima maneno yalikuwa mdomoni, nikayapanga, nikayapangua. Basi la Magu lilipoanza kunguruma nikamwambia safari njema, Fundi.

Kocha kijana alikuja na suruali ya michezo yenye mistari. Msimu uliofuata tulifunga magoli ishirini na mawili, tukafungwa kumi na tisa, na watu walijaa. Lazima niseme ukweli huo. Walijaa mpaka wengine wakapanda juu ya mawe.

*

Nilimwona mara moja tena, miaka ikiwa imepita. Ualimu nilikuwa nimeushika mwaka mmoja nikauachia, nikawa nanunua mpunga Magu na kuuza mjini. Kila nilipopita nilikuwa na sababu ya kutosimama. Siku hiyo gari lilipata pancha karibu kabisa na kijiji chao, na nikaona nimeishiwa sababu.

Dada yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Fundi alikaa peke yake kwenye nyumba ya matofali mabichi, bati limetiwa viraka vya makopo. Nilimkuta ndani karibu na mlango, ungo wa karanga magotini, anamenya. Jicho moja lilikuwa na ukungu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akainamisha kichwa pembeni. "Namba Nne. Siku hizi unatembea kwa kisigino."

Alinipa kigoda na michembe kwenye bakuli, viazi vile vikavu vilivyochemshwa na karanga. Tuliongea habari za mvua, na pamba iliyokosa bei, na Tano aliyekuwa na duka la vitambaa. Halafu maneno yakaisha, nikabaki na yale niliyokuja nayo.

"Mzee, ile ya wewe kuondoka chuoni. Mimi ndiye niliyepatana na yule bwana. Magoli mawili. Nilikubali mwenyewe, mbele ya Mkuu."

Aliendelea kumenya. "Najua. Mkuu aliniambia."

"Baada ya fainali?"

"Siku ileile uliyopatana. Alinifuata stoo, ameona aibu."

Mechi tano alitembea kwenye chaki akijua. Matope alijua, penalti alijua, fainali alijua hatuna hata moja lililobaki, na alinipanga.

"Kwa nini hukuniambia kitu?"

"Ulikuwa na mzigo wako tayari. Nikuongezee na wangu?" Akapuliza maganda kutoka kwenye ungo. "Mimi nasema hivi, ungeniuliza. Kabla hujakubali. Ungekuja stoo ukaniuliza, Fundi, niseme mangapi? Ningekwambia usishuke chini ya matatu."

"Matatu?"

"La tatu lilikuwa lako. Huo mkono nilikuwa nimeuwekea goli moja tangu mwanzo. Kila mashine ina kiasi inachopoteza, fundi wake anakijua. Wewe ulipatana kana kwamba hupotezi."

Nilitazama michembe.

"Na yule beki wa akiba aliyekaa benchi," nikasema. "Yeye alikuwa hainui mkono. Ungempanga yeye."

"Yule alikuwa hafiki pa kuinulia."

Ilikuwa karibu na kicheko, lakini hakuna aliyecheka. Nje dereva wangu alipiga honi mara mbili. Gurudumu lilikuwa tayari. Nilisimama, nikakaa tena, kwa sababu kulikuwa na swali moja ambalo nisingeweza kulibeba tena mpaka Mwanza.

"Mzee, ulikuwa na kinyongo na mimi?"

Hakuharakisha. Alitafuta karanga kwenye ungo kwa vidole, akaipata, akaipasua, akanipa nusu.

"Mwaka wa kwanza, ndiyo," akasema. "Kile chumba kilikuwa hakivuji."